Mhariri Aliyerudisha Faili

Saa sita na robo mchana, kwenye kona ambako magari ya mji mzima yalionekana kuwa na miadi ya kukutana, mwanamke mmoja alikuwa amepiga goti mbele ya benki. Masikio yake yalifunikwa na hedfoni kubwa, na mkono mmoja ulishika fimbo ya chuma iliyosimama juu ya lami. Alivaa buti za mpira, suruali ya jinzi iliyochakaa magotini na kizibao cha rangi ya chungwa. Chini ya kizibao kulikuwa na blauzi ya bluu ya hariri iliyomkaa vizuri mno kwa kazi ya namna ile, kwa sababu alikuwa ametoka kufundisha na hakupata nafasi ya kubadilisha. Alifumba macho, akashika pumzi, na wakati huo huo viatu vya mtu vikaanza kugonga lami karibu naye, ko, ko, ko.

"Kaka, simama hapo hapo," akasema bila kufumbua macho. "Viatu vyako vinaongea kuliko bomba langu."

Viatu vikanyamaza. Yeye akaendelea kusikiliza, akahamisha fimbo, akaandika namba zake, akasikiliza tena. Zilipita dakika nane. Alipoinuka kujinyoosha mgongo akamkuta mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasalimu amri, amesimama mguu mmoja mbele mwingine nyuma, karatasi mkononi, watu wanamzunguka na mlinzi wa benki anamtazama kwa jicho baya.

"Bado uko?"

"Uliniambia nisimame."

"Nilimaanisha dakika moja."

"Hukusema ngapi," akajibu, kwa upole na bila utani wowote usoni.

Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Kwa kumhurumia akamvisha hedfoni, naye yule bwana akainama kusikiliza. Uso wake ukabadilika. Akasema kuna mtu anachemsha chai chini ya benki. Akaelezwa kwamba hiyo si chai, ni bomba lililopasuka, na kwamba maji ya mitaa miwili yanaishia ardhini huku watu wanalala na ndoo tupu. Wataalamu wote husikiliza mabomba usiku, mji ukinyamaza. Huyu dada alikuwa amegundua namna ya kuyasikiliza mchana, kwa fimbo mbili badala ya moja. Ya kwanza inasikiliza bomba, ya pili inasikiliza mji, kisha kompyuta inautoa mji na kuacha bomba.

Yule bwana alivua hedfoni taratibu. "Hili jambo umeliandika wapi?"

Hapo alimtonesha kidonda.

Maana ukweli ni kwamba hakuwa amelichapisha popote. Alikuwa mhadhiri wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha pale mjini, wanafunzi wakimwita Bi Mabomba, na mkataba wake ulikuwa na sharti moja lisilocheka na mtu: kabla ya mwaka wa tatu kwisha awe na andiko moja lililokubaliwa na jarida linaloheshimika, la sivyo kazi hana. Mara mbili alituma, mara mbili akarudishiwa. Ilibaki miezi saba. Madarasa manne, karatasi za mitihani mia tatu za kusahihisha, na mabomba yanayovuja mchana kutwa. Huo muda wa kuandika upya angeupata wapi?

Yule bwana alipojitambulisha, Bi Mabomba hakuamini masikio yake. Kumbe ni mhariri, ameanza kazi Jumatatu hiyo hiyo katika chuo hicho hicho, Kitengo cha Utafiti na Uchapishaji. Kusema kweli Bi Mabomba alikuwa akipita mbele ya mlango wa kitengo hicho kila siku, akidhani ni stoo ya viti vibovu.

"Jumatano, saa nane," akasema mhariri. "Njoo na andiko."

Aliporudi nyumbani akamsimulia mama yake mdogo, fundi cherehani aliyeishi naye tangu wazazi walipohamia mbali, kwamba anaona aibu kumpelekea mgeni karatasi zilizokataliwa mara mbili. Mama mdogo akatoa pini mdomoni, akamwambia mficha uchi hazai, na akataka kujua huyo mhariri ana umri gani.

Basi Jumatano zikaanza. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya maktaba, ghorofa ya pili, na meza yenye mguu mfupi ulioinuliwa kwa tasnifu ya mtu fulani asiyejulikana. Pale mhadhiri yeyote angeweza kuketi na mhariri saa nzima. Angeoneshwa majarida ya kweli na yale ya kitapeli yanayochapisha chochote, angesaidiwa takwimu zake, na mwenye bahati angechaguliwa kwenda wiki ya uandishi: siku saba bila kufundisha wala kusahihisha, watu kumi na wawili tu, katika nyumba ya zamani ya wageni wa chuo. Waombaji huwa arobaini, na Bi Mabomba naye akaomba.

Mhariri, ambaye wahadhiri walishampa jina la Kalamu Nyekundu, alilisoma andiko lote mpaka mwisho. Bi Mabomba alihesabu vigae vya dari.

"Mwalimu, umenizungusha kurasa kumi na mbili kabla hujaniambia umesikia nini," akasema mwishowe. "Historia ya mabomba, historia ya maji, nusura nifike kwa Nuhu. Siku ile pale benki uliniambia kwa dakika mbili nikasisimka mwili. Hayo maneno yako wapi humu?"

Alitaka kukasirika. Badala yake aliona joto likimpanda shingoni, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuisoma kazi yake mpaka mwisho, achilia mbali kusisimka mwili.

Simu zikafuata. Ya kwanza ilikuja saa moja jioni, mhariri akiomba samahani, anauliza kama ukurasa wa tano aache "kelele" au aweke "mtetemo".

"Umenipigia kwa neno moja?"

"Ni neno zito, mwalimu."

Wiki ya pili akapiga kwa maneno mawili. Wiki ya nne Bi Mabomba alikuwa akikaa na simu mapajani kuanzia saa kumi na mbili na nusu, mama mdogo akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Leo neno gani?" akauliza siku moja.

"Leo sina neno."

"Sasa umepiga kufanya nini?"

"Kulitafuta," akasema mhariri.

Jumamosi akaanza kumbebea fimbo ya pili. Alikuja na viatu vipya vya mpira visivyotoa sauti, akasimama alipoambiwa asimame, na alikuwa hodari wa kusimama. Bi Mabomba naye akaanza kupaka rangi ya mdomo kwenda kusikiliza mabomba. Walizunguka sokoni, nyuma ya hospitali, kwenye vituo vya mafuta. Kila walipopata bomba linalovuja walishangilia kama watu waliookota dhahabu, na wapita njia wakawaona wehu. Alimpenda. Hakuwa na haja ya kujidanganya, alimpenda kwa jinsi alivyosikiliza na kwa jinsi alivyokataa kumsifia kitu kibaya. Alisubiri tu aambiwe.

Jumatano ya nane alivaa gauni la kijani lenye mkanda, viatu vyekundu, na hereni alizozificha kwa siku kubwa. Alipofungua mlango, kitini kwa mhariri aliketi mzee wa kitengo, mtu wa kukaribia kustaafu, anakunywa chai. Mzee akampa karatasi yenye mistari miwili. Mhariri aliyekuwa akilishughulikia andiko lake amerudisha faili masjala. Atapangiwa mwingine.

Alipiga simu akiwa bado amesimama mlangoni.

"Umerudisha faili langu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Siruhusiwi kukueleza sasa. Subiri kamati ya wiki ya uandishi ikae."

"Andiko ni baya?"

"Siruhusiwi kusema lolote juu ya andiko."

"Na juu yangu?"

"Juu yako ndiyo siruhusiwi zaidi," akasema. Bi Mabomba akakata simu.

Wahadhiri wana ugonjwa wao. Mtu wa kawaida akinyamaziwa na mpenzi atawaza mwanamke mwingine. Mhadhiri akinyamaziwa huwaza kwamba kazi yake imekataliwa. Bi Mabomba hakuwaza mwanamke hata mara moja. Alijua, kwa hakika kabisa, kwamba Kalamu Nyekundu amelisoma andiko mpaka chini, ameliona halina kitu, na kwa huruma yake ameshindwa kumwambia, akaamua kulikimbia pamoja na mwenyewe. Alilia jikoni huku bomba la kuoshea vyombo likidondosha matone, tena bomba la kwake mwenyewe, ambalo hakuwahi kulitengeneza.

Mama mdogo akamwambia asihukumu mapema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Mshindo nimeshausikia, mama mdogo. Umenibomoa."

Simu ya saa moja haikuja siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa. Jumapili akaandika barua ya kujitoa katika maombi ya wiki ya uandishi. Kama andiko halifai, hakutaka kiti cha kuonewa huruma. Miezi mitano iliyobaki angeitumia kutafuta kazi kwingine. Jumatatu asubuhi akaipeleka kwa mkurugenzi wa kitengo, mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo ambaye, kwa maneno ya watu, alikuwa na machapisho mengi kuliko siku alizolala vizuri.

Mkurugenzi alisoma barua, akaiweka chini ya kikombe chake. "Anayejitoa husoma faili lake lote na kutia sahihi kila ukurasa," akasema. "Ndiyo kanuni. Usije ukasema baadaye tulikuficha kitu."

Bi Mabomba alitia sahihi kwenye ombi. Akatia kwenye muhtasari, akatia kwenye ratiba ya vipindi vyake. Ukurasa wa nne ulikuwa fomu ya njano ambayo hakuwahi kuiona. Kichwa chake kilisema Tamko la Mgongano wa Maslahi. Uhusiano wako na mwombaji ni upi: ndoa, undugu, biashara, mengineyo. Alama ilikuwa kwenye mengineyo, na chini yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka aliokuwa akiuona pembeni mwa sentensi zake kwa wiki saba, palikuwa pameandikwa hivi:

"Ninampenda. Yeye hajui. Sijamwambia kwa sababu faili lake liko mikononi mwangu, na sitaki ajione analazimika kunijibu. Naomba nisihusike na uamuzi wowote juu yake. Kazi yake ni bora kuliko zote nilizosoma mwaka huu, na haifai mtu aje aseme ilibebwa."

Alisoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Kwa miaka kumi na moja fomu hiyo imejazwa na watu wanne," akasema mkurugenzi, macho yake kwenye makaratasi mengine. "Watatu walikuwa wamegombana na waombaji. Huyu ndiye wa kwanza kunitia mashakani niipeleke kwenye kamati au niifungie kabatini."

Kisha akamgeuzia ukurasa. Nyuma kulikuwa na sehemu ya pili, ya kujazwa na mwombaji pale atakapoliona tamko. Thibitisha au kanusha. Mkurugenzi akamweleza bila kupamba. Akikanusha, yaani akisema hakuna kitu na hakitakuwepo, faili linarudi kwa mhariri asubuhi ya kesho, na kwa uzoefu wake andiko lile likikaa mikononi mwa yule bwana litapita. Akithibitisha, mhariri hataligusa tena, hilo wala mengine yake yote. Atabaki na mzee wa kitengo, ambaye, Mungu amweke, hurekebisha mikato tu.

Kazi yake ilikuwa hapo mezani, na mtu wake hapo hapo, kwenye karatasi moja. Bi Mabomba aliomba dakika mbili, akatoka kwenye korido, akampigia mama mdogo na kumsomea fomu yote huku analia na kucheka. Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Sasa unaniuliza nini?" mama mdogo akasema. "Kuandika una mikono, utaandika mwenyewe. Lakini mume huwezi kujishonea."

Akarudi ndani, akachukua kalamu. Aliandika: "Nathibitisha. Na mimi hivyo hivyo. Yeye pia hajui."

"Una uhakika?" mkurugenzi akauliza. "Jamaa ana mkono mzuri."

"Najua, mama. Lakini yale mabomba niliyasikia mwenyewe. Acha niyaandike mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Na naomba barua yangu ya kujitoa."

"Barua gani?" akasema mkurugenzi, na kikombe chake hakikuinuka.

Kanuni ilitaka nakala iende kwa mhariri siku hiyo hiyo. Bi Mabomba alikuwa hajamaliza ngazi za ghorofa ya kwanza simu ikaita.

"Mwalimu."

"Mhariri."

"Nimepata nakala. Kuna neno nataka kuuliza." Alikuwa anahema. "Hiyo 'hivyo hivyo'. Ni hivyo hivyo kama nilivyoandika mimi, au ni kidogo?"

"Usinihariri," akasema, na machozi yakamtoka upya. "Uko wapi?"

"Nyuma yako."

Alikuwa ameshuka mbio kutoka ghorofa ya pili na vile viatu vyake visivyo na sauti. Shati limetoka kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyesahau kanuni zote. Alimwambia kwamba siku tano zile zilikuwa za kumkausha damu, kwamba kila saa moja jioni alikuwa akiifungia simu kwenye droo. Alisema pia kwamba sasa juu yake anaruhusiwa kusema chochote, ila juu ya andiko bado. "Basi nyamaza juu ya andiko," akajibu Bi Mabomba, akamkumbatia pale pale kwenye ngazi, wanafunzi wa mwaka wa pili wakipita na kujifanya wanasoma matangazo.

Kamati ilimchagua wa tisa kati ya kumi na wawili. Ile wiki ya uandishi ilikuwa furaha isiyo na mfano. Siku ya kwanza alikata kurasa kumi na mbili za historia, akaona kama anajikata vidole. Siku ya pili akaandika sentensi moja tu, akaichapa kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani: bomba lililopasuka linasikika mchana. Siku ya tatu maneno yakaanza kumtoka yenyewe, akawa anaamka alfajiri kabla ya kengele, anasahau kula, anatembea chumbani akijisomea kwa sauti kama yuko pale mbele ya benki akimweleza mpita njia. Mzee wa kitengo akarekebisha mikato. Siku ya saba, saa nne asubuhi, likatumwa.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja wakiwa wawili ilikuwa raha na adhabu. Jioni mhariri alifika nyumbani, akakaa na mama mdogo kuokota pini, wakaongea kila kitu chini ya jua isipokuwa kitu kimoja. Siku Bi Mabomba aliposahau rasimu juu ya kochi, yule bwana alifumba macho na kwenda kukaa mbali nayo akipapasa njia kama kipofu, mama mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa nne ulipofika ukingoni na jarida bado kimya, Bi Mabomba aliacha kucheka. Zilibaki siku sita mkataba wake uamuliwe.

Barua ilikuja Alhamisi, saa tisa kasoro dakika tano, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba. Simu ilitetemeka mkononi mwake. Mhariri alipoona jina la jarida akageuka, akaupa mlango wa maktaba uso.

Akaanza kusoma saa za kufungua zilizobandikwa mlangoni.

"Niambie jambo lolote," akasema bila kugeuka. "Hata kama ni..."

"Mhakiki wa pili anataka mchoro mmoja zaidi," sauti ya Bi Mabomba ikatoka nyembamba. "Wa kwanza anasema mwandishi ameanza pale pale panapostahili." Akavuta pumzi. "Limekubaliwa."

Mhariri aligeuka na uso uliolowa. Akajifunika uso kwa viganja, mtu mzima na kazi yake. Bi Mabomba akamtoa viganja, akamfuta kwa mkono wa blauzi.

"Kuna kanuni nyingine," akasema mhariri.

"Ipi tena?"

"Uhusiano ukibadilika, wahusika wajulishe kitengo ndani ya siku saba."

"Wetu umebadilika?"

"Bado. Ila kwenye ile fomu, juu ya 'mengineyo', kuna sehemu ya ndoa. Nataka kuweka alama pale, na siwezi kuiweka peke yangu." Akamshika mikono yote miwili. "Utaiweka na mimi?"

Bi Mabomba akatazama saa ya ukutani kupitia dirisha la maktaba. "Masjala wanafunga saa tisa na nusu," akasema. "Na mimi nina hii barua ya kupeleka huko huko kwa ajili ya mkataba. Siku saba za kufanyia nini?"

Wakashuka ngazi mbili mbili, wamekamatana mikono, viatu vyekundu mbele.

Karani wa masjala alikuwa ameshateremsha nusu ya pazia la dirisha. Aliichapa barua ya jarida kutoka kwenye simu, akaigonga muhuri wa chuo. Kisha akapokea fomu mpya ya njano waliyoijaza pale dirishani, alama kwenye ndoa, wino wake bado mbichi, sahihi mbili zimebanana kwenye mstari wa mtu mmoja. Akaisoma, akainua macho, akawatazama, akairudia. Mwishowe akaigonga nayo muhuri, kwa nguvu kuliko ile ya kwanza, akauliza wanataka nakala ngapi.

"Tatu," akasema Bi Mabomba. "Moja ni ya mama mdogo."